Gari Lililoandikwa kwenye Daftari la Vipimo

Ghorofa ya Pili, Chumba cha Nyuma
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa Mjomba,

Ni karibu wiki saba sasa tangu tulichukue gari, na bado nausikia ufunguo ule ukizunguka kwenye droo: krik, krik, kama mtu anayetafuna changarawe. Sauti ndogo hivyo, na ndiyo iliyonishikisha kalamu. Lakini salamu kwanza, Mama asije akasema hakunilea.

U hali gani huko? Mgongo umetulia? Mkaza mjomba bado anakuficha chumvi? Sisi hatujambo. Goti la Mama sasa linakunjika. Juzi alipanda ngazi zote bila kunishika, akanisubiri juu kama vile mgonjwa ni mimi.

Unakumbuka ni kwa ajili ya goti hilo tulikodi gari kwa mkataba wa miaka miwili, nawe ukawa mdhamini. Mazoezi yake ni upande wa pili wa mji, mara tatu kwa wiki. Bila sahihi yako tusingepewa hata tairi.

Siku ya kulichukua, karani wa mauzo alitupokea vizuri kupita kiasi. Mtu akinichekea kabla hajajua jina langu, mimi hushika mkoba wangu vizuri. Tai yake ilipita mkanda ikashuka mpaka chini, ndiyo maana hapa nyumbani tunamwita Bwana Tai.

Utaratibu wao ni kwamba mnalizunguka gari pamoja, mnatia alama kila mkwaruzo kwenye mchoro wake, mnatia sahihi, na kila upande unabaki na nakala. Tulitia sahihi. Ilipofika zamu ya nakala yangu, mashine ikawa mbovu. "Nitakutumia kesho, dada, usiwe na shaka," akasema, akaisukumia karatasi kwenye droo na kuifunga. Nikajiuliza mchoro wa gari unafungiwa nini kwa ufunguo. Nikapokea funguo za gari, nisionekane mshari.

Kesho yake haikufika. Nikipiga simu, yuko kwenye kikao. Nikienda, ametoka kula chakula cha mchana, saa nne asubuhi. Dada wa mapokezi alikuwa akinisogezea kitabu niandike jina ili nipigiwe. Niliandika mara tano, na kila mara nililikuta lile la kwanza palepale, halijaguswa na mtu.

Tukapeleka gari kwao kubadilishwa oili, na wiki hiyohiyo barua ikaja: mlango wa nyuma, upande wa kulia, umebonyea mikononi mwetu. Tulipe, la sivyo atadaiwa mdhamini.

Ulikuwa umebonyea tangu siku ya kwanza, nina hakika. Nikaenda, na safari hii Bwana Tai alikuwepo. Alisema karatasi haionekani. Kisha akashusha sauti: "Isitoshe, mjomba wako tumeshaongea naye kwa simu. Hana neno, atalipa."

Mjomba, hapo ndipo nilipokukosea. Nilirudi nyumbani nikikushuku wewe. Nikakumbuka ni wewe uliyetuelekeza kwenye duka lile, nikaanza kujiuliza unajuana na nani mle ndani, na kwa nini unikubalie kosa ambalo sikulifanya. Siku nane sikupokea simu zako. Mama alipokwambia kazi zimenizidi, alikuwa akinisitiri. Ukweli ni kwamba niliogopa jibu lako.

Mama alipoona sili, alinibana mpaka nikamweleza habari ya mlango. Ile ya kukushuku wewe niliimeza. Akacheka, akalivuta daftari lake la vipimo. Unamjua dada yako: miaka arobaini kwenye cherehani, hakuna kinachopita mbele yake bila kupimwa. Siku ile ya kulichukua gari alitufuata nyuma na mkongojo wake na futi ya kupimia, nami nikadhani anapoteza wakati tu. Waosha magari walimtania: "Mama, unalishonea gauni?" Akawajibu, "Nalishonea, na kiuno chake kimeshabonyea." Yote ameyaandika: mlango wa nyuma kulia, pamebonyea inchi nne, inchi saba kutoka kwenye kitasa.

Chini yake, ukurasa uleule, kuna vipimo vya shati. Bwana Tai alitania kwamba naye apimwe, na Mama hajui utani wa namna hiyo, akampima. Nawe unajua kila mteja wake hutia sahihi na tarehe chini ya vipimo, asije akanenepa halafu akasema fundi kamwonea. Naye alitia.

Kesho yake nilimfungulia daftari mezani. Alisoma shingo yake, akasoma kifua chake, kisha macho yakapanda juu ya ukurasa, na mkono ukaenda kuilegeza tai. Meneja wake, mama wa maneno machache, aliagiza droo ifunguliwe. Karatasi yetu ilikuwemo, pamoja na nyingine nyingi za watu nisiowajua.

Katika faili letu niliiona fomu yako. Namba ya simu iliyoandikwa ni ile ya zamani, uliyoiacha miaka miwili iliyopita. Mwandiko ni wangu mwenyewe, nilikosea. Kumbe hakuna aliyekupigia, na hata kama angetaka, asingekupata. Nilikaa kwenye kile kiti nikaona aibu kuliko Bwana Tai. Nisamehe, Mjomba.

Meneja alifuta dai, akataka tuendelee na mkataba. Mama alinitazama, akaniachia mimi.

Msalimie sana mkaza mjomba, na binamu zangu Mrefu na Kicheko. Mama anasema ulete vipimo vyako vipya, haamini tena vile vya zamani. Mungu akulindie mgongo huo na moyo wako usiochoka nasi.

Ijumaa nililirudisha gari. Tulilizunguka na meneja, Mama akipima, na meneja akatia sahihi kwenye daftari. Sasa tunaondoka alfajiri na jirani yetu muuguzi anapokwenda zamu, na Mama analalamika njia nzima. Hati yako ya udhamini niliidai, na sikutoka mpaka nilipoishika. Imo humu kwenye bahasha, yenye sahihi yako halisi. Sikutaka kuichana mimi.

Mpwa wako akupendaye, aliyekushuku siku nane,
Maswali