Safari ya Kuiaga Ndege

Dar es Salaam,
Ijumaa

Mamaangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Goti lako limepoa, au bado unakaidi kuswali kwenye kiti? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila nimechoka, Mama. Nimechoka mpaka kalamu naiona nzito. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika kwenye neno lenyewe.

Neno lenyewe ni hili: ile safari ya kuiaga ndege haipo tena. Na aliyeizuia ni mimi.

Unajua ndege yetu kongwe, ile ndogo ya mapanga mawili inayopita juu ya Chokocho, inastaafishwa. Ofisi ilitaka ije Pemba mara ya mwisho na sisi wafanyakazi tu, ishuke iwachukue wazee wetu, izunguke kisiwa, tupige picha, tukate keki. Dada Mwanaisha aliniambia ulivyojiandaa. Nilicheka kusikia umepita nyumba kwa nyumba kutaka radhi kama mtu anayekwenda Hija, kumbe unakwenda kuzunguka nusu saa na kurudi palepale. Lakini nilijua huipandi kwa ajili ya ndege. Jumapili napelekwa Afrika Kusini miaka miwili kusomea ndege mpya, na tangu mwenzangu aache kazi, fundi nimebaki peke yangu, ruhusa sipati hata ya siku moja. Safari ile ndiyo iliyokuwa nafasi yetu ya kuonana.

Basi Jumatatu meneja akatuita. Rubani wetu mzee akasema, "Mtu akistaafu anaagwa, seuze chombo kilichotubeba miaka yote hii?" Wenzangu wakapiga makofi. Meneja akanigeukia mimi. "Hamadi, injini zimebakiwa na saa ngapi?"

Injini ya ndege ina saa zake za kuruka, Mama. Zikisha, lazima ifunguliwe yote, na hizi hazitafunguliwa tena. Saa zilizobaki zilitosha safari za abiria mpaka Alhamisi. Tukiaga, safari ya Alhamisi inafutwa, na viti vyake vilishajaa. Na abiria wa Pemba nawajua, mimi ndiye ninayewafungulia mlango. Hawakosi wawili watatu wenye bahasha za eksirei, wanaokuja hospitali. Nikasema ndege haina masikio ya kusikia kwaheri, tuiache ifanye kazi yake mpaka saa ziishe. Nilisema kwa sauti kubwa, kama mtu mwenye uhakika, na meneja akakubali. Rubani hajanisemesha tangu siku ile, na sina nguvu ya kumbembeleza.

Jana imetua mara ya mwisho. Hakuna aliyepiga picha. Wa mwisho kushuka alikuwa bibi mmoja mwembamba, bahasha kwapani, binti yake nyuma na mabegi. Nikampa mkono kwenye ngazi.

"Weye mtu wa kwetu?" akaniuliza.

"Wa Chokocho, bibi."

"Mbona u mnyonge hivyo, mwanangu? Mamaako yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi."

"Basi nenda kamwone. Usingoje kuitwa."

Nilimfikisha mpaka kwenye gari, nikarudi kufunika injini. Nililia huko, Mama, sikufichi.

Nisalimie Dada Mwanaisha, na anaposoma hii asiruke mstari. Nisalimie Mjomba Faki, aliyenifundisha kushika spana kwenye baiskeli yake, na jirani yetu Bi Time. Mwambie radhi aliyokupa asiitengue, ipo siku utaitumia.

Ukinikasirikia una haki, na sitajitetea. Ila ujue kiti chako hakikwenda bure. Alikikalia yule bibi.

Mwanao akupendaye,
Hamadi