Maelezo kwa Wapinzani

4 Februari

Kwako Kitinda,

Salamu nyingi sana. Mimi sijambo, nyumba haijambo, na jirani wa ghorofa ya juu naye hajambo, maana viatu vyake vimenipigia ngoma tangu asubuhi. Natumaini u mzima, na hizo lifti unazozitengeneza hazijakufungia ndani na sendwichi mkononi kama ile siku.

Jana kwenye briji ya mtandaoni tulicheza vizuri, tusijidanganye tu kwamba tulicheza vizuri sana. Nina neno moja. Nilipofungua kwa moja bila turufu, ukanadi uru mbili. Mimi na wewe tunajua maana yake: huzungumzii uru kabisa, unaniambia una kopa tano, nami ni lazima nitaje kopa mbili bila kubisha. Lakini wapinzani wetu, Bwana Kofia na mkewe, hawakujua, na ulichelewa kuwaandikia. Kile kidirisha cha maelezo hakikuwekwa pale kwa urembo. Ukinadi kitu chenye maana ya kupanga, unaandika humo maana yake. Wapinzani wanasoma, mimi mwenzako sioni. Mimi natakiwa nielewe kwa mnada wenyewe, basi. Wapinzani wana haki ya kujua kila tulichokubaliana. Tukiwanyima hiyo, hatuchezi briji, tunawaibia watu.

Marehemu mama yako hakuwahi kunikera kwa hilo hata mara moja. Alinikera kwa mengine.

Kula vizuri. Jumanne ijayo usichelewe kuingia.

Ni mimi,
Baba yako

11 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, na nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo kwenye chumba cha mitambo, juu kabisa ya jengo la ofisi. Vipi mgongo? Vipi wateja?

Nimesikia kuhusu maelezo, na jana uliona mwenyewe niliandika kama karani. Sasa na mimi nina neno moja. Jana mimi ndiye nilifungua moja bila turufu. Wewe ukanadi uru mbili. Nikahamia kopa mbili kama mtoto mtiifu. Ukapita. Ukaweka karata zako wazi mezani, na Baba, hukuwa na kopa hata moja. Ulikuwa na uru sita. Mimi nilikuwa na kopa tatu, kwa hiyo wapinzani walikuwa nazo kumi! Tumewahi kufungwa, lakini ile haikuwa kufungwa, ile ilikuwa kupigwa hadharani.

Nilidhani ni mkono umeteleza. Lakini kwenye mchezo wa tisa ulifungua kwa kopa moja, maana yake una kopa tano, nami nilikuwa nazo nne, nikapaa moja kwa moja mpaka kopa nne. Mara hii pia hukuwa nazo. Ulikuwa na uru tena.

Umeyasahau makubaliano? Kama umeyasahau niambie tu, tutayapunguza. Wazee wengine wanacheza bila makubaliano yoyote na wanafurahi.

Wako mtiifu mpaka kopa mbili,
Binti yako

12 Februari

Kwako Kitinda,

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo. Wateja nimewapunguza kidogo, nimechoka kubishana na watu kuhusu matumbo yao. Mtu ananenepa yeye, lawama anapewa fundi wa suti.

Kuhusu kopa: nimeyatunga makubaliano hayo kabla wewe hujazaliwa, sijasahau hata herufi. Mkono uliteleza. Mara mbili, ndiyo. Mkono ukiamua kuteleza hauombi ruhusa. Hao wazee wengine unaowasifia waache na furaha yao.

Baridi ikizidi huko juu, vaa lile koti. Nililitia bitana mbili kwa makusudi.

Baba yako

25 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo.

Nimesubiri mpaka leo ili nisiandike nikiwa na hasira. Wiki iliyopita mara moja, jana mara mbili. Kila mara kopa zinageuka uru, na kila mara nikikuuliza unanipa mzaha. Tulikuwa tunapanda daraja la juu la ligi, Baba. Sasa tunashuka. Mke wa Kofia jana aliniandikia "poleni" baada ya mchezo wa tano, na mpinzani akifika mahali pa kukuonea huruma, ujue hali ni mbaya.

Nitasema bila kuzunguka. Kuna mwenzangu kazini, mkaguzi wa usalama, amekuwa akiniomba tucheze pamoja. Msimu mpya ukianza nitacheza naye. Si kwamba nimekuchoka. Nimechoka kukuuliza jambo na kujibiwa jambo jingine. Nilikalia kiti cha Mama kwa sababu nilidhani tutakuwa tunazungumza, lakini tunachofanya ni kutajiana namba.

Unaweza kukasirika.

Binti yako

26 Februari

Kwako Kitinda,

Marahaba. Sijambo.

Sijakasirika. Mkaguzi wa usalama ni mtu mzuri kuwa naye mezani, hatapanda asikoweza kushuka. Mfundishe maelezo mapema.

Nakuomba kitu kimoja tu. Tucheze Jumanne ya tarehe kumi Machi, halafu umalize. Katikati hapa nina mambo yangu.

Baba yako

10 Machi

Baba,

Shikamoo. Sitauliza hali yako, kwa sababu nimeshaelezwa na watu wengine.

Tulipopumzika kati ya mizunguko, Bwana Kofia aliniandikia kwenye ukurasa wa mazungumzo. Nakunukulia, na majina yetu ya mezani: "Lifti, mimi na mke wangu tunamwombea Mzee Sindano kwa Jumatatu. Jicho si kitu cha mchezo. Na tunakupongeza kwa kuwa mvumilivu." Nikamuuliza jicho gani. Nikaona anaandika, anafuta, anaandika. Mwishowe akasema alidhani najua kila kitu, maana wewe mwenyewe umekuwa ukiwaandikia kwenye kidirisha cha maelezo tangu Februari. Akanitumia maneno yako ya leo:

"Uru mbili: nina kopa tano. Huenda ni uru. Jicho la kushoto halioni tena, la kulia wanalipasua tarehe kumi na sita, na nyekundu hizi mbili sizitofautishi. Mniwie radhi. Mwenzangu ni binti yangu, haoni maelezo haya. Msimharakishe, anafikiri polepole lakini anafikiri sawasawa, kuliko mimi na kuliko mama yake."

Nilikaa nikitazama hayo maneno mpaka kompyuta ikazimika yenyewe.

Sasa naelewa kwa nini unakosea mikono ile tu yenye aina moja ya nyekundu. Zikiwepo zote mbili unajua ipi inatangulia kwenye mpangilio wa karata. Ikiwepo moja unabahatisha. Ningeweza kuligundua hilo, kwa kazi yangu hii ya kutafuta hitilafu. Badala yake nilikuandikia barua ya kukuacha.

Lakini na wewe, Baba! Mama alipougua mliniambia ni uchovu. Niliambiwa ni uchovu mpaka siku niliyopigiwa simu, na nilipofika mlikuwa mmeshamzika na viti vimerudishwa kwa waliotuazima. Nimeishi na hilo. Sasa unapasuliwa jicho lako la mwisho, na wanaojua ni mtu mwenye picha ya kofia na mke wake, ambao hatujawahi hata kuwaona sura. Mimi ndiye wa mwisho kujua tena. Mara hii sijaelezwa hata uongo.

Nina hasira sana, na naogopa sana, na sijui kipi kimetangulia.

Binti yako

11 Machi

Kwako Kitinda,

Marahaba.

Bwana Kofia amevunja kanuni. Nimemwandikia kumwambia hivyo, naye ameomba radhi, nami nimemshukuru kwa maombi.

Nikueleze nilivyofikiri. Jicho la kushoto lilizimika mwaka jana, presha ya macho, ilikuwa imeanza kimya kimya. La kulia likaanza kufuata. Barua zako nazikuza mpaka herufi moja inafikia ukubwa wa kifungo cha koti, kwa hiyo nazisoma. Karata hazikuziki kiasi hicho. Nilijaribu pale unapobadilisha rangi ili uru ziwe za machungwa, nikaona machungwa na nyekundu ni kitu kile kile. Basi nikajiuliza kanuni inasemaje. Kanuni inasema mpinzani lazima ajue kila kinachoathiri maana ya ninachonadi. Kama kopa zangu huenda ni uru, ni haki yake kujua. Nikamwambia. Kanuni inasema pia mwenzangu asipate habari nje ya mnada. Sikukuambia. Sijaona nilipokosea.

Na suala la mama yako, yeye ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema ukiambiwa utaacha mtihani wa cheti chako na kuja. Nilimtii. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Operesheni yenyewe ni fupi. Daktari ni kijana, anavaa suti iliyombana mabegani lakini mikono yake imetulia. Anasema inaweza kuokoa lililobaki, na inaweza isiokoe. Hataki kuahidi, nami nimempenda kwa hilo. Jirani wa juu atanipeleka. Kazi yako ni ya watu kupanda na kushuka salama, huwezi kuiacha ovyo. Usijisumbue.

Baba yako

11 Machi, jioni

Baba,

Shikamoo.

Nimesoma. Unasema "usijisumbue". Nimecheza na wewe muda wa kutosha kujua kwamba unachonadi si lazima kiwe ndicho ulicho nacho. Uru mbili si uru. Huenda "usijisumbue" ni "njoo". Huenda ni "usijisumbue" kweli. Mkaguzi wa usalama, ambaye hajui briji bado lakini ana baba, ameniambia nipande ndege tu. Ningeweza. Likizo ninayo, na bosi ameshakubali.

Lakini sitaki kubahatisha maana yako tena. Nikija kwa kubahatisha, utanipokea mlangoni ukisema hukuniita, na nikikaa kwa kubahatisha na jicho likaenda, sitajisamehe. Huko kwenye kidirisha uliweza kuwaandikia watu baki maneno ambayo mimi sijayasikia maisha yangu yote, kwamba nafikiri sawasawa kuliko Mama. Ungeniambia hivyo nikiwa na miaka kumi na tano, hata ishirini!

Mimi si mpinzani wako, na kwa leo mimi si mwenzako mezani. Mimi ni mwanao. Hakuna mnada hapa. Niambie kwa maneno ya kawaida: unataka nije, au hutaki? Ndege ya mwisho itakayonifikisha kabla ya Jumatatu inaondoka Jumamosi mchana.

Nasubiri.

Binti yako

13 Machi

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu. Jana niliandika barua ndefu nikaifuta. Ilikuwa imejaa kanuni.

Naogopa. Siogopi kisu, naogopa kuamka kitambaa kikiwa usoni, halafu kitoke, na iwe vile vile. Siku hizi nikipitisha uzi kwenye sindano nafanya kwa vidole, na mteja wa mwisho nilimshonea suruali nyeusi kwa uzi wa buluu. Hakusema kitu, alilipa akaondoka, nami nikaambiwa na jirani. Sijapokea kazi tena. Usiku nakaa mezani najaribu kuukariri uso wako kutoka kwenye ile picha ya ukutani, lakini ile picha una miaka tisa na huna meno ya mbele. Sijui una sura gani sasa. Skrini hazinionyeshi.

Nataka uje. Nataka nikuone kabla hawajanigusa, kisha liwe liwalo.

Ukitoka uwanja wa ndege usipande teksi za mlangoni, vuka upande wa pili, ndizo za bei ya haki. Ufunguo utaukuta kwa jirani kama nitakuwa nimelala. Chumba chako kiko wazi. Cherehani iliyokuwa kitandani nimeihamishia ukumbini, na shuka nimetandika safi. Niliitoa Februari, siku ile ile niliyopewa tarehe ya kupasuliwa.

Baba