Nyumba ya Kikwajuni Isiyokuwa na Namba

Mama yangu kipenzi,

Jana nilipita Kikwajuni. Pale lilipokuwa jiko letu pamesimama ghorofa, na mwanamke nisiyemjua alikuwa akianika nguo roshanini. Nilimchukia, mama, na maskini hana kosa lolote.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiaga asubuhi? "Nnakwenda mjini," halafu unavuka Darajani kwenda kufua kwa Bi Zuwena, yule Mwarabu. Nikikuuliza, "Kwani hapa si mjini?" unacheka: "Hapa Ng'ambo, mwanangu. Mjini kwa wenye nyumba za mawe." Ulisema bila kinyongo. Kinyongo ninacho mimi. Mwingereza aliupanga mji kwa rangi za watu: Mzungu, Mwarabu na Mhindi kwenye mawe, sisi weusi tujenge kwa udongo na makuti juu ya ardhi ya mwengine. Mpaka wenyewe tukajiita watu wa ng'ambo. Ng'ambo ya nani, lakini?

Yakaja Mapinduzi. Bi Zuwena akafukuzwa nchini pamoja na wanawe, na sisi tukaambiwa tukachukue chumba nyumbani kwake. Mimi nilitaka, wallahi nilitaka, kule kulikuwa na umeme. Wewe ukaja juu: "Nikalale kitandani pa mtu aliyefukuzwa? Mimi nna nyumba yangu!" Ukamlilia yule bibi barazani, majirani wanakusikia. Tangu siku ile wakakuita kibaraka wa Waarabu, wewe uliyefua mashuka yao mpaka vidole vikachubuka.

Miaka ikapita, wakaja watu wa ramani. Mtaa mzima utavunjwa, na kila nyumba itapata nafasi kwenye maghorofa mapya. Karani akaandika namba nyekundu kando ya mlango wetu, akanywa kahawa yetu, akaenda zake. Ilikuwa mwisho wa Ramadhani. "Piga chokaa," ukaniambia kama kila mwaka, "Idi isitukute na ukuta mchafu." Nikapiga. Baada ya Idi wakapita wengine kuzinakili namba daftarini. Yetu hawakuiona, wakatupita.

Siku ya kugawa, yule karani akapekua daftari. "Bibi, nyumba yako haimo."

"Ala! Si wewe uliyekunywa kahawa kwangu?"

"Mimi nafuata daftari."

Alitujua vizuri sana, mama. Lakini tingatinga halikuuliza namba, likaivunja yetu pamoja na zote. Ukahamia kwangu Bububu, kwenye chumba cha kupanga, ukawa unakaa mlangoni na kusema neno moja kila siku: "Wameninyima kwa kuwa nilimlilia Mwarabu." Ukamtaja Bi Zuwena mara ya mwisho kwa kujuta, ukafa.

Nami nikakaa kimya. Hukujua kusoma, mama, hukujua ile nyekundu ni kitu gani. Mimi nilisoma. Brashi ilipofika kando ya mlango nilisimama, nikaiona namba, nikasema moyoni wataiandika tena, nikaipaka chokaa. Wewe machozi yako hayakuwa na makosa hata tone moja. Nilikuwa na miezi minane ya kukwambia, nikaogopa uso wako.

Nipe radhi zako, kama huko uliko bado zinatolewa.

Mwanao wa pekee