Edgar na Majaketi Mawili

Genoveva, umekaa? Tupokigwe kanipigia sasa hivi kutoka kwenye ile meli ya utalii, likizo ambayo mumewe Edgar kaitangaza Temeke nzima.

King'ora kimelia. Edgar kavaa jaketi la kujiokolea, kabeba na la mkewe, katoka mbio. Tupo kamwacha bafuni na povu kichwani.

Kamwacha. Na jaketi lake kaondoka nalo.

Kumbe mazoezi tu, abiria wote wanafanyishwa siku ya kwanza. Tupo anafika na taulo, anamsikia mhudumu akimuuliza Edgar mkewe yuko wapi. Dume zima linajibu, "Yule anajua kuogelea."

Tupo wa Tukuyu huyo, hata beseni analiogopa.

Na wakirudi, semina ya wanandoa kanisani anafundisha Edgar huyohuyo. Mie nakaa benchi la mbele.