Salamu za Nyamu na Mbolea ya Serikali

Mpendwa mshauri Kagwiria, naomba unisikilize polepole. Sisi hapa Kibirichia hatujambo, msichana wangu Kaari hajambo na ndiye ananinyooshea maandishi, mdogo wake Mutegi hajambo ameingia darasa la kwanza, mama mkwe hajambo isipokuwa magoti, ng'ombe naye amezaa vizuri, na baba yao Nyamu pia anakusalimia sana.

Sasa mama, shida yangu ni huyo Nyamu, kwa sababu alituacha mwaka juzi tukamzika hapo chini ya mparachichi, na simu yake sikuizima, niliendelea kuichaji tu vile mtu huendelea kuosha kikombe cha mwenyewe aliyekwenda, mpaka asubuhi moja ukungu umefunika shamba hata boma la ng'ombe huoni, ikalia, Kaari akanisomea, "Ndugu Nyamu, mbolea yako ya bei nafuu iko tayari, fika depo na kitambulisho." Mshauri, nilisikia kama ameitwa na akaitika. Nikabeba kitambulisho chake nikaenda, karani akauliza mwenyewe ako wapi, mdomo ukasema, "Ako nyumbani, miguu inamsumbua." Na nilipoitia hiyo mbolea kwa mitaro ya viazi nilimwona kabisa, amesimama mwisho wa shamba na jembe lake ndani ya ukungu, ananingoja, na nikikaribia anasonga mbele kidogo tu. Sasa ni misimu mitatu, kila msimu anaitwa, kila msimu nasema miguu.

Juzi afisa wetu wa kilimo, mama mpole, mgeni huku, aliyesikia habari za miguu kwa karani, akaniambia sokoni, "Mama Kaari, Alhamisi nakuja kumwona mzee, nimemtafutia fimbo nzuri ya kutembelea."

Fimbo, mshauri! Mama mkwe alicheka mpaka akalia, akasema, "Basi mtoe huyo mgonjwa, na mimi nimwone." Nikisema ukweli watamfuta kwa kompyuta na hakuna atakayemwita tena, nikinyamaza fimbo inakuja. Nijibu haraka tafadhali, mbegu zimeshachipua na Alhamisi haingoji.

Mimi, Mama Kaari.

JIBU

Mama Kaari, pole sana kwa kufiwa. Pole nyingine utangoja nimalize kukugombeza. Umeniletea salamu za mtu aliye chini ya mparachichi, nami nilishaanza kuzipokea! Shamba mnalima kweli, viazi ni vya watoto, lakini umedanganya depo mara tatu, na sasa uongo wako umetafutiwa fimbo.

Usiingoje. Jumatatu asubuhi nenda kwa chifu na cheti cha kifo na vitambulisho viwili, chake na chako, useme yote bila kupunguza, uandikishwe wewe. Ukitoka hapo mpigie afisa kabla hajafunga safari. Akitaka kuja bado, aje anywe chai, na fimbo ampe mama mkwe, ambaye magoti yake yanauma kweli. Zile jumbe za zamani zitabaki kwa simu; mwambie Kaari azinakili nyuma ya Biblia. Na mtu aliyelima hiyo mitaro maisha yake yote haondolewi na kompyuta.

Jambo la mwisho. Barua yako imesalimia kila mtu, hata ng'ombe, na jina lako mwenyewe nimelitafuta sijaliona. Chifu akiuliza, usiseme Mama Kaari, wala mke wa Nyamu. Sema lile uliloitwa na mama yako, aliandike. Msimu ujao ukungu utashuka, simu italia, na Kaari atakusomea nani anaitwa. Uitike.