Nyumba Kumi na Saba za Mtaa wa Banksia

Perth,
Jumatano, 11 Desemba

Wifi yangu Kiralee,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini vumbi la mgodini limekiacha kifua chako, na kwamba hilo lori unaloliendesha huko halijakuumiza mgongo. Sisi wazima, ila joto limetushika tangu Jumapili na Mama anashinda na kitambaa cha maji shingoni. Mitihani nimeimaliza, shule nimeiaga.

Usishtuke kukuta barua juu ya usukani wa gari lako uliloliacha hapo uwanja wa ndege. Nimeazima ufunguo wa ziada wa Brodie. Ana kwa ana nisingeweza. Tangu kaka yangu akulete nyumbani sijawahi kukuambia zaidi ya "hujambo" na "naomba chumvi."

Mwenyewe ulidhani ni haya tu. Haya ilikuwepo, lakini wivu ulikuwa mkubwa zaidi. Kabla yako, kila Ijumaa mimi na Brodie tulikula samaki na chipsi ndani ya gari lake, vioo vimejaa mvuke, tukiwacheka majirani. Siku hizi kila neno lake linaanza na "Kiralee anasema." Kiralee anasema viazi vichomwe na maganda. Kiralee anasema ndevu zinampendeza. Aliwahi kuniahidi chumba cha nyuma katika nyumba atakayonunua, ili niwe karibu na chuo. Mwezi wa kumi akaniambia, huku anatafuna tosti, kwamba Kiralee anasema chumba hicho kitafaa kwa cherehani yake. Nikajibu sawa. Kisha nikaenda kuoga, nikalia chini ya bomba.

Ndipo akanipa kazi. Unamjua yule jamaa wa kwenye video anayewafundisha watu kununua nyumba: kabla ya mnada, hesabu ni nyumba ngapi za mtaa zimepangishwa na serikali, na zikizidi moja kwa kumi, kimbia, eti huo ni mtaa wa wezi. Brodie anamwamini kuliko daktari. Akaniambia, "Kipanya, wewe ndiye mwenye kichwa cha hesabu. Niangalizie Mtaa wa Banksia, kwenye ile nyumba tunayoitaka, nitakununulia aiskrimu." Utadhani nina miaka saba.

Nikachukua jedwali la sensa la eneo lile, nikatembea na daftari mlango kwa mlango. Nyumba sitini na nne. Kumi na saba zinafanana, zilizojengwa na serikali zamani: tofali lile lile, ngazi mbili, kidirisha cha bafu kinachotazama barabara. Nilipofika namba kumi na nne, mama mmoja mwenye fimbo aliyekuwa akimwagilia nyasi akanipigia kelele kwamba kama nimetumwa na watu wa maji niwaambie leo ni siku yake ya zamu ya kumwagilia, waende wakamwandikie faini yule wa namba tisa. Nikadanganya kwamba ni kazi ya shule. Akacheka, akanivuta ndani, akanipa maji ya ndimu na keki ya nazi.

Aliongea kwa niaba yetu wote wawili. Alisema kati ya hizo nyumba kumi na saba, nyingi wapangaji walishauziwa zamani, na wapangaji wa serikali wamebaki sita tu, yeye mmojawapo. Binti yake anataka kununua namba ishirini na moja, ng'ambo pale. "Sasa nikianguka bafuni nitapiga yowe tu, atavuka barabara." Nilipomuuliza kama binti ana mume, akasema yupo kijana, ila bado hajaletwa. "Binti ananionea haya, mimi mama wa nyumba ya serikali. Lakini atanificha mpaka lini, na barabara ni hii hii moja?"

Alikuwa anacheka aliposema hivyo. Kwenye friji kulikuwa na picha ya msichana mwenye sare ya shule na pengo la jino ulilonalo hadi leo. Ulikuwa wewe.

Wifi, sasa nakuambia nililofanya. Jedwali la sensa nalo lilisema sita. Sita kati ya sitini na nne ni chini ya moja kwa kumi. Nilijua, na nilimjua yule mama ni nani. Nikarudi nyumbani nikamwandikia Brodie kumi na saba, zaidi ya robo. Nilijiambia: ana mama wa kumvukia barabara, ana kaka yangu, bado anataka na chumba changu.

Brodie alipokupigia simu jioni ile, kwa spika, nilikuwa mezani, nikasikia yote. "Mpenzi, robo nzima! Hata pipa la taka tutalifunga kwa kufuli!" Ukanyamaza muda mrefu. Kisha ukasema, "Basi, tuiache." Nikaongeza chakula. Siku mbili nilifurahi kwelikweli. Halafu ule ukimya wako ukaanza kunirudia, kwa sababu ninaujua. Nimeishi ndani yake miaka yangu yote.

Leo asubuhi nimemwambia Brodie kwamba ni sita, na kwamba nilidanganya kwa wivu. Ameacha chai yake mezani. Amesema kumbe amefuga nyoka akimwita panya. Mchana akaniandikia maneno machache tu: mnada ni Jumamosi saa tano, na kama wewe bado unaitaka ile nyumba, ataipigania.

Habari za namba kumi na nne sikumwambia. Hizo ni zako, utamwambia ukitaka.

Nilipita pale leo kabla ya kukaa kukuandikia. Mama yako hajui lolote. Amefua mapazia ya jikoni na kuyaondoa yale mazito, ili aione vizuri namba ishirini na moja. Amenipungia mkono kama mtu anayenijua, nami nikaupunga wangu.

Mama anakusalimu sana. Salamu zangu sijui kama unazitaka, lakini nazituma.

Wifi yako,
Tamsin