Saa Moja Niliyoizidisha Enez-Kelenn

Porz-Kaled, Finistère
14 Novemba 2024

Mpendwa Nolwenn, mwanangu,

Pokea salamu za baba yako mkubwa. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Rimouski, na theluji bado haijakuzibia mlango. Mimi si mzima. Moyo umechoka, na daktari wangu, ambaye nilimfundisha kusoma ramani akiwa na miaka tisa, anasema Krismasi huenda nikaiona, huenda nisiione. Kichwa lakini ki sawa, na ninachokuandikia nimekifikiria vya kutosha.

Nimekuficha jambo kwa miaka ishirini na moja. Siku ile gari-nyumba la wazazi wako liliposombwa na bahari, aliyekosea saa ya maji hakuwa baba yako. Ni mimi.

Unajua jinsi baba yako Goulven alivyoipenda pwani yetu wageni wakishaondoka. Kila mwisho wa Oktoba alifunga mlango wa nyumba, akampandisha mama yako garini, na mwaka ule wakanichukua na mimi. Kambi zote zilikuwa zimefungwa, mabomba yamekatwa. Maji ya kunywa tulichota makaburini, kwa kuwa bomba la makaburini halifungwi msimu wowote. Mama yako aliona aibu. Baba yako akamwambia, "Chota, Annaïg, wenyewe hawajalalamika." Barabarani, tukipishana na gari-nyumba lingine, alipunga mikono yote miwili, mama yako akipiga kelele, "Usukani, wewe mzee! Shika usukani!"

Upepo ulivuma siku tatu. Usiku gari lilitikisika kama kitanda cha mtoto, na asubuhi madirisha yalikuwa meupe kwa chumvi. Nilifurahi, Nolwenn. Sijawahi kufurahi vile tangu nistaafu.

Jumatatu tukaamua kwenda kisiwani Enez-Kelenn, kula chapati za ngano nyeusi kwa yule mama asiyefunga duka lake hata dhoruba ije. Unaikumbuka barabara ile ya mawe, kilomita tatu, inayofunikwa maji yakijaa. Huruhusiwi kupita ila saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na saa moja na nusu baada yake. Ilikuwa siku ya bamvua kubwa, ambapo maji hukimbia mbali na kurudi kwa kasi.

Kitabu cha maji nilikuwa nacho mimi. Nacho, kama kila mtoto wa hapa ajuavyo, hakifuati saa zetu: kiangazi unaongeza saa mbili, kipupwe unaongeza moja. Saa zilikuwa zimerudishwa nyuma, kuwa za kipupwe, usiku wa kuamkia Jumapili. Kitabu kilisema maji yatapwa saa tano na dakika kumi. Nikaongeza mbili.

"Saa saba na dakika kumi," nikasema. "Tuna ruhusa ya kurudi mpaka saa nane na dakika arobaini."

"Una hakika, mwalimu?" baba yako akauliza.

"Nimefundisha hesabu hii miaka thelathini na mmoja."

"Ndiyo maana nauliza. Wanafunzi wako ndio wale wanaokwama matopeni kila mwaka."

Mama yako akacheka, akasema, "Shemeji, usimjali. Huyu tarishi miaka yote alikuwa anapeleka barua kwenye nyumba zisizo zake."

Tukala, tukanywa pombe ya tufaha, tukaondoka kisiwani saa nane kamili. Ruhusa ya kweli ilikuwa imeisha dakika ishirini nyuma, na upepo wa kusini-magharibi ulikuwa ukiyasukuma maji yaje mapema zaidi. Katikati ya njia injini ikazimika. Baba yako alimbeba mama yako mgongoni, maji yakiwa kiunoni, mpaka kwenye mlingoti wenye jukwaa la kujiokolea. Tulikaa juu yake zaidi ya saa moja, sote tumelowa, tukiangalia gari likielea, kisha likilala ubavu, mpaka mashua ya uokoaji ilipofika. Mapafu ya mama yako yalishika baridi ile, na hayakuiachia. Mengine unayajua. Ulikuja kumzika Januari.

Askari alituuliza nani aliyesoma kitabu. Baba yako akanitazama, akamwambia, "Gari langu, usukani wangu, andika jina langu." Baadaye nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Hapa kila mtu ulikuwa mwalimu wake. Mimi nikikosea saa, nani atashangaa?"

Hakujua kwamba wewe utashangaa. Ulimwambia mbele ya kaburi kwamba amemuua mama yako kwa kujifanya anaijua bahari. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika mwavuli, nami nikakuacha uamini.

Sasa ana miaka themanini na tatu. Kila Jumapili hunipitia, tunacheza karata, ananiibia kama zamani. Jina lako hulitaja siku ya kuzaliwa kwako tu: "Leo mtoto katimiza kadhaa." Ninachokuomba ni kimoja. Usije kwa ajili yangu. Sitakuwepo, na sistahili. Mpigie yeye. Simu yake ni ileile, hakukubali kuibadilisha. Mwambie kwamba nimekueleza. Atakataa, atasema mzee Corentin kichwa kimemruka. Usimsikilize.

Nisalimie mumeo Réjean, na Maïwenn, ambaye nasikia ni mhandisi sasa. Binamu yako Soazig anakusalimu, na jirani yetu mama Le Bihannic anauliza kama bado unachora. Mungu akuwekee mkono kichwani, akupe uzee usio na cha kuficha.

Ni mimi nikupendaye, hata baada ya ukurasa huu,

Corentin

Nimeshatia sahihi, na bado sijamaliza. Baba yako anajua kwamba nilikosea saa. Hili lingine halijui, wala askari, wala padri. Kila mwisho wa barabara ile palikuwa na ubao ambao ofisi ya mji huandika saa za ruhusa kwa saa zetu. Ule wa bara upepo ulikuwa umeung'oa. Wa kisiwani ulikuwa umesimama, upande wangu wa dirisha. Goulven alikuwa akitazama magurudumu yake kwenye mvua, mama yako alikuwa nyuma akifunga vyombo. Nilisoma: mwisho, saa saba na dakika arobaini. Nikaangalia saa yangu: saa nane kamili. Magurudumu yalikuwa bado kwenye nchi kavu, na baba yako akaniuliza, "Twende, mwalimu?"

Nikamwambia, "Twende."